Sura ya Nne: Nusu, Toa Moja ya Sadaka

Daftari lenyewe ni la shule, la kurasa tisini na sita, lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Zamani lilikuwa la samawati. Sasa limepauka kama kanga iliyoanikwa juani miaka kumi. Katika ukurasa wa tatu, kwa biki nyeusi, nimeandika "Memphis 2009/10". Chini yake iko mistari mitano: mtu, idadi ya mechi alizodhani timu itashinda, na maneno mawili matatu kwa aliyetaka kujitia kitanzini zaidi. Pembeni pana duara la kahawia lililoachwa na kikombe cha kahawa usiku ule ule tulipoandika.

Ilikuwa siku mbili kabla ya ligi ya NBA kuanza, mwishoni mwa Oktoba 2009. Baraza letu lilikuwa Tudor, mitaa ya nyuma ya chuo. Siku hizo chuo kikiitwa Mombasa Polytechnic University College, na hakikuwa bado Chuo Kikuu cha Kiufundi, jina kilichopewa mwaka 2013. Wazee wa mtaa hawakushughulika na jina lolote kati ya hayo. Kwao palikuwa MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu iliyofunguliwa pale wakati wa mkoloni, na ukimwelekeza mtu vinginevyo utampoteza.

Tulikuwa watano: fundi wa friji, kijana wa saiba, mwanafunzi wa chuo aliyecheza senta kwenye uwanja wao wa saruji, mimi, na mzee wa kahawa, ambaye hakuwa mshiriki hasa, ila dele lake lilikuwa limetua hapo. Masharti tuliyaweka wazi. Atakayekosea zaidi kuliko wote atawanunulia wenziwe mahamri na mbaazi asubuhi moja, mpaka washibe. Mzee akauliza kama hiyo si kamari. Tulijadiliana karibu nusu saa. Fundi alisema hakuna pesa inayoingia mfukoni mwa mtu. Mwanafunzi akaongeza kwamba hata mshindwa mwenyewe atakula. Mzee hakuridhika, lakini alinyamaza, na kwa mzee yule kunyamaza kulikuwa fatwa.

Mtu atauliza: vijana wa Tudor na Memphis, wapi na wapi? Mji wa Tennessee, ukingoni mwa mto Mississippi, wenye timu iliyohamia hapo kutoka Vancouver mwaka 2001 na ambayo hadi wakati huo ilikuwa imecheza mechi kumi na mbili za mchujo wa ubingwa na kufungwa zote kumi na mbili. Jibu ni Hasheem Thabeet. Tarehe 25 Juni 2009, huko New York, Memphis Grizzlies walimchagua kijana huyu wa Dar es Salaam awe wa pili katika drafti, yaani ule uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi. Aliyemtangulia alikuwa Blake Griffin peke yake. Hakuna Mtanzania aliyewahi kucheza NBA kabla yake. Urefu wake ni mita 2.21. Mlango wa chumba changu cha wakati ule niliupima kwa utepe wa fundi cherehani: mita mbili na sentimita tatu.

Mwaka ule, lazima tukumbuke, watu wa huku tulikuwa na mazoea mabaya ya kushinda mbali. Barack Obama alikuwa ameapishwa Januari. Juni mkongo wa TEAMS ulifika ufuoni Mombasa ukitokea Fujairah, na Julai 23 ukawashwa wa SEACOM, na intaneti iliyokuwa ikija kwa setilaiti, kwa bei ya dhahabu na mwendo wa kobe, ikaanza kuja kwa chini ya bahari. Katika saiba moja ya Tudor video ya dakika mbili haikuhitaji tena nusu saa ya kusubiri. Tukawa tunamtazama mtoto wetu. "Mtoto wetu" hapa ni neno la kisiasa kidogo, kwa sababu yeye ni wa Dar na sisi ni wa Mombasa, na katika soka tungemkana bila haya. Lakini jina lake lilikuwa Hasheem, Kiswahili chake hakikuhitaji mkalimani, na kwa umbali wa Tennessee, Dar na Mombasa ni nyumba mbili zinazotazamana.

Hebu tuyasome yaliyoandikwa, kwa utaratibu wa daftari.

Fundi wa friji: 35. Sababu yake aliiandika kwa neno moja, "Iverson". Septemba hiyo Memphis walikuwa wamemsajili Allen Iverson, mchezaji bora wa ligi wa mwaka 2001, ambaye sasa alikuwa na umri wa miaka 34. Fundi alimpenda Iverson kwa namna ambayo watu wa rika lake walimpenda Muhammad Ali. Kwake haikuwezekana mtu yule awe ndani ya timu na timu iendelee kufungwa.

Kijana wa saiba: 30. "Thabeet ataongoza ligi kwa kuzuia." Huyu alikuwa na hesabu. Katika msimu wake wa mwisho Chuo Kikuu cha Connecticut, Thabeet alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mitupo 4.2 aliyoizuia kila mechi, na timu yake ilifika nusu fainali ya taifa ya vyuo. Tena Dikembe Mutombo, Mkongo wa Kinshasa aliyekuwa mlinzi wa vikapu kwa karibu miaka ishirini, alikuwa ameumia goti Aprili hiyo na kustaafu. Kijana aliona kiti cha enzi kimebaki wazi na mrithi yuko mlangoni, ameinama ili apite.

Mwanafunzi: 22. "Randolph sumu." Zach Randolph aliletwa Julai kutoka Los Angeles Clippers. Alikuwa fundi wa kufunga, lakini jina lake lilikuwa baya: Portland walimchoka, New York wakamchoka, Clippers wakamtoa baada ya miezi michache. Ukiongeza na Iverson, ambaye naye alijulikana kwa kutopenda benchi, mwanafunzi aliona sufuria moja na majogoo wawili. Wachambuzi wengi wa Marekani waliona vivyo hivyo. Memphis ilikuwa imeshinda mechi 24 tu msimu uliopita, na ilikuwa vigumu kumpata mwenye kalamu aliyeiweka pengine zaidi ya mkiani mwa Kanda ya Magharibi.

Mimi: 27. Nilichoongeza nitakisema baadaye.

Mzee wa kahawa hakuwa ameombwa. Alikuwa anasuuza vikombe, akauliza, "Mchezo wenyewe kwa mwaka huchezwa mara ngapi?"

"Mara themanini na mbili, ami."

"Na kuna sare?"

"Hakuna. Lazima mmoja ashinde."

"Basi kila ashindaye, kuna aliyeshindwa." Akafikiri kidogo, vikombe vikigongana mkononi kwa ule mlio wao. "Nusu ya themanini na mbili ni arobaini na moja. Toa moja ya sadaka. Niandikie arobaini."

Tulicheka mpaka jirani akafungua dirisha.

Memphis ilishinda mechi 40 na kufungwa 42.

Najua inavyosikika. Nami ningekuwa msomaji ningemshuku mwandishi. Lakini ukitazama vizuri, ajabu haiko kwa mzee. Ukikusanya watu watano na kila mmoja ataje namba yake, mmoja atakuwa karibu, na pakiwa na mabaraza ya kutosha pwani hii, moja litakuwa na mzee aliyelenga penyewe. Miezi michache baadaye, kwenye Kombe la Dunia la 2010, pweza aitwaye Paul huko Ujerumani alitabiri mechi nane na kupata zote nane, na dunia nzima ikamwogopa. Sisi pweza tumezoea kumla wa nazi, kwa hivyo hakutushtua sana.

Kilicho muhimu ni njia ya mzee. Katika ligi isiyo na sare, wastani wa timu zote ni nusu, kila mwaka, hata dunia ipinduke. Na timu mbovu mno ya mwaka huu, mara nyingi, mwakani husogea kuelekea katikati. Si kwa sababu imetubu. Ubovu wake wa mwaka jana ulikuwa na sehemu ya mikosi: goti la huyu, mpira uliogonga chuma ukatoka, ratiba. Mikosi hiyo haina ahadi ya kurudi. Na ligi ile, kwa makusudi, humpa mnyonge nafasi ya mapema ya kuchagua chipukizi. Mtu mwenye busara, asiyejua hata jina moja la mchezaji, angechukua 24 za mwaka jana na 41 za wastani, akasimama katikati, akaandika 32 au 33. Mzee alipita hapo kwa bahati. Lakini hata hiyo 32 ingewashinda watatu kati yetu wanne tuliojiita wajuzi, na tulikuwa tumekesha tukisoma.

Mwaka 2005 Philip Tetlock, mtafiti wa Marekani, alichapisha kitabu kuhusu wataalamu 284 wa siasa na uchumi aliofuatilia tabiri zao kwa takriban miaka ishirini. Wengi wao walishindwa na kanuni nyepesi kabisa, za aina ya "mambo yataendelea kama yalivyo". Na wale waliojulikana zaidi, waliohojiwa sana, hawakuwa bora. Kwa kawaida walikuwa na uhakika mwingi kuliko usahihi. Sheikh Yahya Hussein, mnajimu wa Dar ambaye tabiri zake zilisomwa Mombasa kama zilivyosomwa Kariakoo, alikuwa hai bado mwaka ule wa 2009. Sikumbuki kama alisema lolote kuhusu Memphis.

Sasa turudi kwenye msimu wenyewe, kwa sababu huko ndiko kila mmoja wetu alikoumbuliwa kwa namna yake.

Memphis wakicheza kwao saa moja ya jioni, katika miezi ya baridi yao, kwetu ni saa kumi za usiku. Adhana ya alfajiri huingia karibu na mapumziko. Mechi chache mno tulizitazama moja kwa moja. Zaidi tulikuwa tunaingia saiba asubuhi, kijana anafungua jedwali la takwimu la mechi ya usiku, nasi tunalisoma kama watu wanaosoma matokeo ya mtihani ubaoni: kwanza unatafuta jina lako. Jina letu lilikuwa chini. Dakika 9. Dakika 14. Dakika 11. Makosa ya mchezo 4. Pointi 2.

Aliyeanza kuanguka alikuwa Iverson. Alichelewa kuanza kwa maumivu ya paja, kisha akacheza mechi tatu, zote akitokea benchi, zote ugenini California. Hakupenda benchi, akasema hivyo hadharani, na katikati ya Novemba mkataba ukavunjwa. Mashabiki wa Memphis waliomlaki kwa shangwe Septemba hawakumwona hata dakika moja katika mechi ya ligi nyumbani kwao. Fundi wa friji alikuja barazani siku hiyo na spana mkononi, akakaa, hakusema neno. Tulimhurumia. Kumbe ndiye angekuwa wa pili kwa usahihi, kwa sababu iliyokufa wiki ya tatu.

Kisha sumu ya mwanafunzi ikageuka dawa. Randolph, mtu asiyeruka hata ungemwekea nyoka miguuni, alimaliza msimu na wastani wa pointi 20.8 na ribaundi 11.7, akachaguliwa kucheza mechi ya nyota wa ligi. Alifanya kazi yake kwa mabega na makalio: anamsukuma mtu nusu hatua, anamsukuma tena, kisha anatupa mpira mwepesi kama anayeweka yai kwenye kiota. Mji wa Memphis, mji wa watu wa kazi, ukampenda kama ndugu aliyerudi. Kwa nini huko na si New York? Nimesoma maelezo mengi. Ninaloliamini zaidi ni dogo: kwa sehemu kubwa ya msimu ule kocha Lionel Hollins alianza na watu wale wale watano, Conley, Mayo, Gay, Randolph na Gasol, na watano hao kwa bahati walikuwa wazima. Watu wakicheza pamoja kila siku hujuana. Benchi nyuma yao ilikuwa dhaifu, na ndiyo maana waliishia 40 wala si 50.

Gasol. Jina hilo halimo katika ukurasa wa tatu. Nimeutafuta ukurasa mzima, juu na chini, hata pembeni palipo na duara la kahawa. Halimo.

Februari 2008 Memphis walimtoa nyota wao Pau Gasol kwa Lakers, na katika malipo walipokea, pamoja na vitu vingine ambavyo havikudumu, haki za mdogo wake Marc, aliyechaguliwa wa 48 mwaka 2007. Watu waliita biashara ile wizi wa mchana. Marc alikuwa mnene. Alipokuwa akisoma sekondari hapo hapo Memphis alijulikana kwa unene. Kufikia Oktoba 2009 alikuwa amepungua sana, na alikuwa ameshacheza msimu mzima kama senta. Msimu huu alifunga wastani wa pointi 14.6 na kudaka ribaundi 9.3. Miaka minne baadaye, 2013, angetangazwa mlinzi bora wa ligi nzima, ile tuzo tuliyokuwa tumemwandalia Thabeet.

Sisi watano, na wengi wenye vyeo kuliko sisi, tulibishana kama Thabeet atafaulu. Hakuna aliyeuliza kwanza: atacheza mahali pa nani? Senta ni mmoja uwanjani. Kiti tulichomwona Thabeet akikikalia kilikuwa na mtu tayari, tena mtu mgumu kuinuka, na alikuwa akionekana na kila mwenye macho. Ila hakuwa habari. Tukiulizwa nini kitatokea, jicho hukimbilia kilichobadilika: aliyesajiliwa, aliyetoka, aliye mrefu kuliko wote. Yule aliyekuwepo jana na atakayekuwepo kesho hupita mbele yetu kama mlinzi wa geti.

Tarehe 25 Februari 2010 Thabeet alipelekwa Dakota Wizards, timu ya ligi ndogo iliyokuwa na makao Bismarck, North Dakota. Hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi hicho katika drafti aliyewahi kupelekwa ligi ile kabla yake. Mtoto wa Dar, Bismarck, mwezi wa Februari! Kijana wa saiba alitafuta hali ya hewa ya mji ule, akaona alama ya kutoa mbele ya namba, akafunga ukurasa. Thabeet alirudi Memphis baadaye, akamaliza msimu na mechi 68, wastani wa pointi 3.1, ribaundi 3.6 na kuzuia 1.3 kwa dakika kama 13. Hizo namba si za kuchekwa kwa mtu aliyeugusa mpira wa kikapu akiwa kijana wa sekondari. Zilikuwa mbaya kwa sababu moja tu, kwamba aliyemfuata katika drafti, wa tatu, alikuwa James Harden, na wa saba alikuwa Stephen Curry. Timu tano zilikuwa na nafasi ya kumchukua Curry zikamwacha. Minnesota, waliochagua wa tano na wa sita, walimwacha mara mbili mfululizo wakachukua wachezaji wawili wa nafasi ile ile yake. Lakini anayetajwa kila mwaka ni Mtanzania. Mrefu huonekana mbali.

Mwanafunzi alilipa Aprili, kwa kosa la mechi 18. Alileta mahamri ya moto kwenye gazeti na mbaazi kwenye sufuria ya mamake. Mzee alikula matatu, akauliza kama mchezo umekwisha.

Nilisema nitarudi kwenye mstari wangu.

Kwa miaka mingi baada ya hapo nilikuwa na kisa nilichokipenda kukisimulia. Tarehe 16 Februari 2009, siku Thabeet alipotimiza miaka 22, Connecticut walikuwa namba moja kwa ubora wa vyuo vyote, na Pittsburgh wakawafunga 76 kwa 68. Senta wa Pittsburgh, DeJuan Blair, alikuwa mfupi kwake kwa karibu sentimita ishirini. Katika kugombania mpira mmoja mikono yao ilinasana, Blair akainama, akavuta, na yule mrefu akapaa juu ya bega lake na kutua chali sakafuni, kama gunia linaposhushwa na mpagazi aliyechoka. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Thabeet alipata pointi 5 na ribaundi 4. Tuliitazama video ile saiba mara kumi. Na mimi, kila nilipokisimulia, nilimalizia: "Siku ile ile nilijua. Nikawaambia kina fulani, huyu hana msingi, huyu watamsukuma."

Mwaka mmoja, kwenye harusi ya mtu wa Tudor, tukajikuta tumekaa karibu wote wa zamani, tunasubiri biriani. Mazungumzo yakafika kwa Thabeet. Fundi wa friji akasema yeye alijua tangu mwanzo. Kijana wa saiba, ambaye sasa ana mvi, akasema hata yeye alikuwa na wasiwasi na miguu yake. Mwanafunzi, sasa mhandisi, akasema, "Mimi si niliwaambia?" Nami nikatoa kisa changu cha Blair. Tulikubaliana sote kwamba tulikuwa tumeliona jambo lile toka zamani, na biriani ikafika tukiwa na amani kubwa.

Miezi kadhaa baadaye nilihama nyumba, na daftari likatoka chini ya sanduku la vitabu. Mstari wangu wasema: "27. Thabeet mchezaji bora chipukizi wa mwaka. Mwisho wa maneno." Mwisho wa maneno nimeupigia mstari mara mbili. Chipukizi bora wa mwaka ule alikuwa Tyreke Evans wa Sacramento.

Wala sikuwa nikisema uongo harusini, nilikuwa nakumbuka. Mwaka 1975 wanasaikolojia Baruch Fischhoff na Ruth Beyth walichapisha utafiti wao kuhusu jambo hili. Kabla ya Rais Nixon kwenda Beijing na Moscow mwaka 1972, waliwauliza wanafunzi wa Israeli wakadirie uwezekano wa mambo mbalimbali kutokea katika ziara hizo. Ziara zilipokwisha waliwarudia, wakawataka wakumbuke walichokuwa wamekadiria. Yaliyotokea, wanafunzi walikumbuka kuyapa uwezekano mkubwa kuliko walivyoandika. Walikuwa wamelirekebisha jibu kichwani, wala hawakuhisi kalamu ikipita.

Na video ya Blair? Tuliitazama kweli, mara kumi, kabla ya Oktoba. Nakumbuka tulivyoicheka. Tulisema ni bahati mbaya, ni siku yake ya kuzaliwa, ni mkono ulionasa. Ushahidi ulikuwepo, tukaufanya kichekesho. Na haukuwa ushahidi wa upande mmoja vilevile, kwa sababu Blair mwenyewe aliteleza hadi nafasi ya 37 katika drafti ile, baada ya kujulikana kwamba hana kano za mbele katika magoti yote mawili. Ilisemekana magoti yale hayatadumu. San Antonio Spurs walimchukua, na msimu wake wa kwanza alicheza mechi zote 82.

Baada ya Memphis, Thabeet alipita Houston, Portland na Oklahoma City, akaondoka NBA mwaka 2014 akiwa na jumla ya mechi 224 na wastani wa pointi 2.2. Baadaye alicheza Japani na Taiwan. Watu wanaosema "alishindwa" nawaomba wahesabu ni wangapi kutoka Ras Kamboni hadi Mtwara wamecheza hata moja kati ya hizo 224.

Ukurasa wa tatu una mstari mmoja zaidi, wa sita, uliobanwa chini kwa kalamu ya bluu. Huo niliuandika Jumapili, tarehe 17 Aprili 2011.

Februari ya mwaka huo Memphis walikuwa wamemuuza Thabeet kwa Houston, pamoja na nyongeza, wakampata Shane Battier, mlinzi mwenye akili nyingi na mwili wa kawaida. Memphis waliingia mchujo wakiwa wa nane Magharibi, na wa kwanza, waliokutana nao, walikuwa San Antonio, timu ya Blair. Mechi ya kwanza ilichezwa mchana huko Texas, kwa hivyo sisi Mombasa, kwa mara moja katika maisha, tuliitazama bila kukesha. Zikiwa zimesalia kama sekunde 24, Memphis wakiwa nyuma kwa pointi mbili, mpira ulimfika Battier nje ya mstari wa pointi tatu. Akatupa. Ukaingia. Mechi ikaisha 101 kwa 98, na ile klabu iliyokuwa imefungwa mara kumi na mbili katika mechi zake zote za mchujo ikashinda ya kwanza. Wiki mbili baadaye walikuwa wamewatoa Spurs kabisa, mechi nne kwa mbili. Katika kurasa zote za daftari lile, hakuna aliyelitabiri hilo.

Fundi wa friji aliruka juu akapiga kichwa kwenye taa. "Huyo ni Thabeet kafunga!" alipiga kelele. "Nyinyi hamwoni? Huyo kanunuliwa kwa Thabeet! Pointi tatu za Thabeet!"

Ndivyo nilivyoandika kwa bluu: "Battier 3, za Thabeet."

Mzee alikuwa mlangoni na dele lake, hajui kelele ni za nini. Tukamweleza kwamba wale wa Memphis wameshinda.

"Wale wa arobaini?"

"Wale wale, ami."

"Na yule mrefu wetu kacheza?"

"Hayupo huko tena. Yuko Houston."

Akaweka dele chini, akapuliza makaa. "Huko apata kucheza?"

Tukatazamana. Hakuna aliyetaka kujibu, na kijana wa saiba akatoa simu yake kutafuta.

"Wacha," mzee akasema, akimimina. "Kunyweni kwanza, yapoa."